Usalama wa Anga: Nani Humkagua Mkaguzi?

Alfajiri ya Januari 3, 2004, ndege ya abiria ya shirika la Flash Airlines la Misri iliruka kutoka Sharm el-Sheikh, na dakika chache baadaye ikaanguka katika Bahari ya Shamu. Watu wote 148 waliokuwamo walifariki dunia, wengi wao wakiwa watalii wa Ufaransa waliokuwa wakirejea nyumbani. Baada ya ajali hiyo ilifahamika kuwa Uswisi ilikuwa imekwishalizuia shirika hilo kutumia anga yake tangu mwaka 2002 kwa sababu za kiusalama. Abiria waliokata tiketi Ufaransa hawakuwa na habari hiyo.

Wachunguzi wa ajali hawakuafikiana kuhusu chanzo chake. Hata hivyo, swali jingine lilibaki mbele ya serikali za Ulaya: iweje nchi moja ione hatari katika shirika la ndege, na raia wa nchi jirani waendelee kulipanda bila kujua?

Swali hilo ndilo kiini cha juhudi za kimataifa za kuimarisha usalama wa usafiri wa anga. Abiria hawezi kuikagua injini wala kuipima leseni ya rubani. Humwachia kazi hiyo mkaguzi wa serikali. Kwa kuwa ndege huvuka mipaka kila saa, kila taifa lina haja ya kujua iwapo mkaguzi wa taifa jingine anaifanya kazi yake ipasavyo.

Msingi uliowekwa Chicago

Mfumo unaotumika leo ulianzia katika mkutano uliofanyika Chicago, Marekani, kuanzia Novemba 1 hadi Desemba 7, 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado inaendelea. Mataifa 52 yalitia saini Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, ambao ulianza kutumika Aprili 4, 1947. Mkataba huo ndio uliounda Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambalo ni chombo cha Umoja wa Mataifa chenye makao makuu Montreal, Kanada. Leo shirika hilo lina nchi wanachama 193.

Mkataba wa Chicago unasimama juu ya kuaminiana. Kwa mujibu wa Ibara ya 33, hati inayothibitisha kuwa ndege inafaa kuruka, pamoja na leseni za marubani wake, zikitolewa na nchi iliyoisajili ndege hiyo, hutambuliwa na nchi nyingine zote. Sharti ni moja: hati na leseni hizo ziwe zimetolewa kwa kufuata viwango vilivyo sawa na vile vya chini vya kimataifa, au vilivyo juu ya hivyo.

Viwango hivyo vimefafanuliwa katika viambatisho 19 vya mkataba, vinavyogusa leseni za marubani na wahandisi, uendeshaji wa ndege, viwanja, uongozaji wa ndege, utafutaji na uokoaji, uchunguzi wa ajali na usimamizi wa usalama kwa jumla. Nchi isiyoweza kutekeleza kiwango fulani inawajibika, chini ya Ibara ya 38, kuiarifu ICAO ili nchi nyingine zijue tofauti hiyo.

Hata hivyo, ICAO haina polisi wala mahakama ya kuifungia nchi anga. Huweka viwango, lakini utekelezaji hubaki mikononi mwa kila serikali. Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya uhakika ya kubaini iwapo yaliyokubaliwa Montreal yanatendeka katika karakana na viwanja vya ndege vya nchi wanachama.

Ukaguzi unapoanza kuvuka mipaka

Hatua kubwa ya kuziba pengo hilo ilichukuliwa na Marekani. Januari 25, 1990, ndege ya Avianca iliyotoka Kolombia iliishiwa mafuta na kuanguka karibu na New York, na watu 73 wakapoteza maisha. Mwaka 1992 Marekani ilianzisha mpango wa kuzitathmini mamlaka za usafiri wa anga za nchi ambazo mashirika yake huruka, au huomba kuruka, kwenda Marekani. Tathmini hiyo huielekea mamlaka ya serikali inayosimamia mashirika, wala si shirika moja moja. Nchi inayokidhi viwango vya ICAO huwekwa Daraja la Kwanza, na isiyokidhi huwekwa Daraja la Pili, ambapo mashirika yake hayaruhusiwi kuanzisha safari mpya za kwenda Marekani.

Mfano wa karibu ni Kenya. Nchi hiyo ilifikia Daraja la Kwanza Februari 2017, na hilo lilikuwa miongoni mwa masharti yaliyoiwezesha Kenya Airways kuanza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York Oktoba 28, 2018.

ICAO nayo ilianza ukaguzi wa hiari katikati ya miaka ya 1990. Kuanzia Januari 1, 1999, ukaguzi huo ukawa wa lazima kwa kila nchi mwanachama, na tangu mwaka 2013 umekuwa wa ufuatiliaji endelevu badala ya ziara za mara moja baada ya miaka kadhaa.

Wakaguzi wa ICAO huangalia nguzo nane za usimamizi. Nguzo hizo ni sheria ya usafiri wa anga. Kanuni za uendeshaji. Muundo wa mamlaka na majukumu yake. Wataalamu wenye sifa. Miongozo na vitendea kazi. Utoaji wa leseni na vyeti. Ufuatiliaji wa wenye vyeti hivyo. Na utatuzi wa kasoro zinazobainika. Asilimia zinazotangazwa baada ya ukaguzi wa ICAO ni kipimo cha nguzo hizo kwa nchi nzima. Asilimia 80, kwa mfano, haina maana kwamba ndege nane kati ya kumi ni salama. Maana yake ni kwamba mfumo wa usimamizi umekidhi sehemu hiyo ya mambo yaliyokaguliwa. Wakaguzi wakikuta kasoro inayohatarisha usalama moja kwa moja, nchi husika hupewa onyo maalumu, na nchi nyingine zote hufahamishwa.

Orodha ya Ulaya

Ajali ya Sharm el-Sheikh ilizaa hatua nyingine. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuwa na orodha moja ya mashirika ya ndege yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya nchi wanachama wake, na orodha ya kwanza ikatolewa Machi 2006. Kanuni hiyo ilimpa pia abiria haki ya kuambiwa mapema jina la shirika litakalomsafirisha.

Orodha hiyo inaihusu Tanzania. Desemba 2024, Tume ya Ulaya iliingiza humo Air Tanzania. Juni 2025, Tume hiyo iliongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti vya uendeshaji na Tanzania, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni uhaba wa wataalamu wenye sifa na udhaifu katika usimamizi wa uendeshaji wa ndege na wa ufaafu wake kuruka.

Ni vema wananchi wakaielewa hatua hiyo kwa usahihi. Zuio hilo linahusu anga ya Umoja wa Ulaya, na halina nguvu ya kisheria ya kusimamisha safari za ndani ya Tanzania au za kwenda nchi zisizo za Umoja huo. Pili, zuio linapoyagusa mashirika yote ya nchi moja, hoja haiwi tena ubovu wa ndege fulani. Hoja huwa uwezo wa mamlaka inayotoa vyeti. Hivyo hata shirika lenye ndege mpya na marubani hodari huathirika.

Njia ya kutoka katika orodha inajulikana, na nchi kadhaa zimeipita. Mashirika ya Zambia yaliondolewa mwaka 2016, ya Msumbiji na Benin mwaka 2017, na ya Indonesia yote mwaka 2018. Mamlaka ya nchi huwasilisha ushahidi wa marekebisho, wataalamu wa Ulaya huja kuyaona, kisha Kamati ya Usalama wa Anga ya Umoja huo hutoa maoni yake. Kinachotakiwa kuonekana ni wakaguzi walioajiriwa na kufunzwa, kaguzi zilizofanyika na kasoro zilizofungwa. Ahadi peke yake haitoshi.

Hata mkubwa hukaguliwa

Ingekuwa makosa kudhani kwamba udhaifu wa usimamizi ni tatizo la nchi zinazoendelea pekee. Oktoba 29, 2018, ndege aina ya Boeing 737 MAX ya shirika la Lion Air la Indonesia ilianguka katika Bahari ya Java na kuua watu 189. Machi 10, 2019, ndege ya aina hiyohiyo ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka na kuua watu wote 157, wakiwamo Wakenya 32.

Ajali zote mbili zilihusishwa na mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, ambao ulisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea taarifa potofu za kihisi kimoja. Marekani, nchi iliyoithibitisha ndege hiyo, ilikuwa imekasimu sehemu kubwa ya kazi ya uthibitishaji kwa watumishi wa mtengenezaji mwenyewe.

Safari hii mataifa mengine hayakusubiri neno la Marekani. China ilizizuia ndege hizo kuruka Machi 11, 2019, nchi za Ulaya zikafuata siku iliyofuata, na Marekani ikachukua hatua hiyo Machi 13. Baadaye jopo lililojumuisha mamlaka tisa za nje ya Marekani, zikiwamo za Brazil, Kanada, Indonesia na Umoja wa Falme za Kiarabu, liliupitia uthibitishaji huo na kutoa ripoti yake Oktoba 2019. Jopo lilibaini kuwa mamlaka ya Marekani haikuwa na uelewa wa kutosha wa mfumo huo. Desemba 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuimarisha usimamizi wa uthibitishaji wa ndege.

Kujifunza bila kutafuta wa kulaumu

Nguzo nyingine ya juhudi hizi ni uchunguzi wa ajali. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinaeleza kuwa lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na si kugawa lawama au dhima. Nchi ilikotokea ajali ndiyo huongoza uchunguzi, na nchi iliyosajili ndege, ya mwendeshaji, iliyoibuni na iliyoitengeneza zina haki ya kushiriki. Taarifa ya awali hutakiwa kutolewa ndani ya siku 30. Chombo cha uchunguzi sharti kiwe huru mbele ya mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kuwa mamlaka hiyo yenyewe inaweza kuwa sehemu ya yanayochunguzwa.

Watanzania wanaujua uzito wa jambo hili. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walipoteza maisha na 24 waliokolewa, huku wavuvi wakiwa miongoni mwa waliowahi kufika. Ajali ya namna hiyo huibua maswali yanayovuka chumba cha rubani: taarifa za hali ya hewa, vifaa vya kiwanja, na utayari wa uokoaji majini. Yote hayo yamo katika viambatisho vya Chicago, na kila pendekezo la wachunguzi lisilotekelezwa huacha mlango wazi kwa ajali nyingine.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Nchi nyingi za Afrika zinakabiliwa na tatizo linalofanana: mkaguzi wa ndege ni mtaalamu adimu, na mashirika ya ndege humlipa mshahara ambao serikali hushindwa kuufikia. Ndiyo sababu ushirikiano wa kikanda una umuhimu. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliunda wakala wake wa kusimamia usalama wa usafiri wa anga (CASSOA), wenye makao Entebbe, Uganda, ili kuoanisha kanuni za nchi wanachama na kuziwezesha kusaidiana wataalamu.

Kwa mwananchi, mambo haya yana maana ya moja kwa moja. Watalii, maua, samaki na wagonjwa wanaokwenda kutibiwa nje hutegemea anga iliyo wazi na inayoaminika. Mwananchi anaposikia tangazo la ukaguzi wa kimataifa, yapo maswali matatu ya kumwongoza: ni kasoro gani zilizobainika, nani amepewa jukumu la kuzirekebisha, na muda uliowekwa ni upi.

Abiria wa Sharm el-Sheikh hawakupata nafasi ya kuuliza. Tangu wakati huo mataifa yamekubaliana kuwa taarifa za usalama wa ndege si siri ya nchi moja. Ukaguzi wa mgeni huweza kuuma, na matokeo yake huweza kuigharimu nchi fedha na heshima, lakini gharama hiyo haifanani na ile ya kasoro inayogunduliwa baada ya ndege kuanguka.