Kwa nini ufukwe uleule huwa salama asubuhi na hatari jioni

Wakazi wengi wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki huchagua siku ya kwenda ufukweni kwa kutazama kalenda ya sikukuu na hali ya jua. Ni wachache wanaotazama mwezi, ilhali mwezi ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa kina cha maji watakachokikuta, mahali mawimbi yatakapovunjikia na nguvu ya mkondo utakaowazunguka wakiwa majini.

Elimu hiyo wazee wa pwani, hasa wavuvi na manahodha, wamekuwa nayo kwa karne nyingi. Kwa kijana anayetoka bara na kushuka Coco Beach jijini Dar es Salaam au Nyali huko Mombasa mara mbili au tatu kwa mwaka, bahari ni ileile siku zote, na kosa hilo huweza kumgharimu maisha.

Haja ya kuielewa bahari imeongezeka kadiri michezo ya majini inavyopata wapenzi. Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ambao asili yake ni visiwa vya Polinesia na Hawaii, uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Katika pwani ya Afrika Mashariki, Malindi na Diani nchini Kenya, na Paje katika kisiwa cha Unguja, ni miongoni mwa fukwe zinazovutia wachezaji wa ubao na wale wanaovutwa na tiara juu ya maji.

Mchezaji huyo na mtoto anayeoga kandokando wanahitaji kujua mambo matatu yaleyale: kupwa na kujaa kwa maji, mawimbi, na umbo la mahali penyewe.

Mwezi na jua

Bahari hujaa na kupwa kwa sababu ya mvuto wa mwezi na jua. Mvuto wa jua katika kazi hiyo haufikii nusu ya ule wa mwezi, kwa kuwa jua, ingawa ni kubwa mno, liko mbali sana. Katika pwani ya Tanzania na Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana saa ya kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa takriban katika mstari mmoja na mivuto yao husaidiana. Hapo ndipo hutokea bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hupingana na huja maji mafu, ambayo tofauti yake ya kujaa na kupwa ni ndogo. Bamvua hufikia kilele siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, na zile za karibu na Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote.

Tofauti hizo si ndogo. Wakati wa bamvua, maji katika maeneo ya Dar es Salaam na Zanzibar huweza kupanda kwa zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Wakati wa maji mafu, kupanda huko huweza kuwa kama mita 1 tu.

Hali haiko hivyo duniani kote. Katika kisiwa cha Tahiti, yalikofanyika mashindano ya mchezo huo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, maji hupanda kwa chini ya nusu mita. Kwa kuwa huko nguvu ya jua ndiyo inayotawala, maji hujaa karibu saa 6 mchana na saa 6 usiku siku zote. Mchezaji wa Tahiti aweza kwenda baharini bila kutazama mwezi, lakini wa Diani hawezi.

Saa sita za kujaa

Jambo ambalo huwaponza wengi ni kudhani kwamba maji hupanda kwa mwendo mmoja. Mabaharia hutumia kanuni nyepesi ya kugawa ujao katika mafungu 12. Katika saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1.

Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, kiasi ambacho mtu aliyesimama kwenye fungu la mchanga hatakihofia. Saa ya pili huongezeka sentimita 60, na ya tatu sentimita 90. Hivyo ndani ya saa tatu tangu maji yalipokupwa kabisa, mahali palipokuwa pakavu huwa na kina cha mita 1.8, kinachomzidi kimo mtu wa kawaida.

Katika fukwe bapa kama Paje na Jambiani, ambako maji hurudi nyuma mamia ya mita, hatari huanzia nyuma ya mgongo wa mtu. Vijito na mabonde yaliyo kati ya fungu la mchanga na nchi kavu hujaa kwanza, na anayegeuka ili arudi hukuta njia aliyoijia imekwisha kuwa mkondo.

Mawimbi huzaliwa na upepo

Mawimbi ya kawaida hayaletwi na mwezi. Hutengenezwa na upepo, na ukubwa wake hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa eneo la bahari ulilopita. Wimbi lililotengenezwa karibu huja kwa haraka na bila mpangilio, likifuatwa na jingine baada ya sekunde chache. Lililosafiri kutoka mbali huja kwa utaratibu, na kati yake na lifuatalo huweza kupita sekunde 12 au zaidi. Hilo ndilo wachezaji wa ubao hulitafuta, kwa kuwa huwa na nguvu nyingi na uso laini.

Katika pwani hii misimu miwili ya upepo hutawala. Kusi, ambayo huvuma kati ya Aprili na Septemba, huleta bahari chafu zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Kaskazi huvuma kati ya Novemba na Machi. Katikati yake huja maleleji, kipindi ambacho pepo hulegea na bahari hutulia.

Upepo hauishii kwenye kutengeneza mawimbi. Ule unaovuma kutoka baharini huyasukuma na kuyaangusha kabla ya wakati, na ule mwepesi wa umande, unaotoka nchi kavu alfajiri, huyashikilia yasimame wima kwa muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyo wachezaji wengi huingia majini mapema asubuhi.

Mwamba ndio mlango

Wimbi linapokaribia pwani, sehemu yake ya chini hugusa sakafu ya bahari na kupungua kasi. Sehemu ya juu huendelea mbele hadi wimbi linapojikunja na kuvunjika. Kwa makadirio, wimbi lenye kimo cha mita 1 huvunjika linapofika penye kina cha takriban mita 1.3.

Hapa ndipo kupwa na kujaa hukutana na mawimbi. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania imezungukwa na miamba ya matumbawe iliyo umbali fulani kutoka ufukweni. Maji yanapokupwa, mwamba huwa karibu na uso wa bahari na mawimbi huvunjikia huko nje, huku ndani yake maji yakitulia mithili ya bwawa. Maji yanapojaa, mawimbi hupita juu ya mwamba uleule na kuja kuvunjikia miguuni mwa waogaji.

Kwa mchezaji wa ubao, maji yaliyokupwa mno huyafanya mawimbi yavunjike ghafla juu ya matumbawe makali, na yaliyojaa mno huyafanya yalegee na kupita bila kuvunjika vizuri. Katika sehemu nyingi zenye mwamba, nafasi nzuri hupatikana katikati ya kupwa na kujaa, kwa muda wa saa mbili au tatu tu.

Malindi ni tofauti. Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji, humwaga maji matamu yenye tope ambayo matumbawe hayastawi ndani yake. Kwa kuwa ukuta wa mwamba umekatika mbele ya ghuba, mawimbi hufika moja kwa moja hadi mchangani, na mji huo umejulikana kwa mawimbi yake kwa miaka mingi.

Mkondo unaorudi

Maji yanayoletwa na mawimbi hadi ufukweni lazima yarudi baharini. Hutafuta njia rahisi, ambayo mara nyingi ni pengo kwenye mwamba au bonde kati ya mafungu ya mchanga. Njia hiyo huwa mkondo mwembamba wenye nguvu unaoelekea nje. Bahari inapokupwa, maji yaliyojaa ndani ya mwamba nayo hutokea katika mapengo hayohayo, na mkondo huzidi kuwa mkali.

Mkondo huo hudanganya macho. Mawimbi hayavunjiki sana mahali ulipo, hivyo asiyejua hupaona shwari na kupachagua ili aoge. Huonekana kama ukanda wa maji meusi zaidi, au wenye mchanga na povu linalokwenda nje.

Mkondo haumvuti mtu chini, bali humpeleka mbali. Wengi huzama kwa kuchoka, baada ya kujaribu kuogelea moja kwa moja kurudi ufukweni. Anayenaswa anashauriwa kutulia, kuelea na kuinua mkono kuomba msaada, na akiweza aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye ukanda huo, kisha arudi akisaidiwa na mawimbi. Aliye nchi kavu asijitose bila kifaa. Dumu tupu lililofungwa kifuniko vizuri, likitupwa kwa kamba, huweza kuwaokoa watu wawili badala ya kuwapoteza wote.

Idd na bamvua

Kalenda yenyewe hutoa onyo. Idd el-Fitr huanza kwa mwandamo wa mwezi, kwa hiyo siku zote huangukia kwenye bamvua. Siku za bamvua, maji katika pwani hii hukupwa karibu saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu jioni. Maana yake ni kwamba umati unaomiminika ufukweni alasiri ya Idd hukutana na kina kikubwa kuliko siku nyingi za mwezi, na jua linapozama maji huwa yameanza kurudi kwa nguvu.

Idd el-Hajj, iliyo mwezi 10 Mfunguo Tatu, huikuta bahari ikitoka kwenye maji mafu. Pasaka hufuata mwezi mpevu wa karibu na Machi, hivyo huweza kugongana na bamvua kubwa za mwaka. Krismasi haifuati mwezi, na hali yake hubadilika mwaka hadi mwaka.

Bamvua isichanganywe na tsunami, ambayo husababishwa na tetemeko chini ya bahari. Tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyoanzia karibu na Sumatra, iliua watu wasiopungua 10 Tanzania, wengi wao wakiwa waogaji, na mmoja Kenya. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, lakini mawimbi hayo yalifika kabla bahari haijajaa, jambo lililopunguza madhara.

Mamlaka za bandari za nchi hizi mbili huchapisha majedwali ya kupwa na kujaa kwa mwaka mzima, nazo taasisi za hali ya hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Asiye na jedwali aweza kutazama mwezi usiku wa kuamkia safari: ukiwa mwembamba sana au mviringo kamili, maji ya kesho yatakwenda mbali na yatarudi kwa kasi.