Utangulizi: Kicheko cha Mitaa Miwili

Kuna uwanja ambao watafiti wengi huupita haraka wakielekea kwenye tenzi. Vyuoni, visiwa vya Lamu vinajulikana kwa Al-Inkishafi, maombolezo ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya magofu ya Pate, na kwa wosia aliotungiwa binti na mama yake, Mwana Kupona, mwaka 1858. Ni haki vijulikane hivyo. Lakini jamii iliyozaa maombolezo hayo ilikuwa pia na mafundi wa kuchekana hadharani, kwa nyimbo, mavazi na vyeo vya kujipachika. Sanaa hiyo ya pili ndiyo inayozungumziwa humu.

Waliosoma muziki wa Ulaya watauliza kama hii ni opereta, ile tamthilia ya kuimbwa yenye mzaha. Ulinganisho huo una faida. Mwaka 1878, jijini London, Gilbert na Sullivan walitoa H.M.S. Pinafore, mchezo unaomcheka waziri wa majeshi ya majini asiyeijua bahari. Haikupita miaka ishirini, pwani ya Kenya ikazuka beni: Waswahili waliovaa sare za kiofisa, wakapuliza tarumbeta, wakapeana ufalme na ukapteni. Wapo walioona humo uigaji mtupu wa wazungu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba sare na tarumbeta ziliingia ndani ya ushindani wa ngoma uliokuwa mkongwe katika miji ya pwani kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa.

Hapo ndipo ulinganisho na London unapofika mwisho. Kule ukumbi mzima hukaa upande mmoja na kumcheka waziri. Lamu ukumbi wenyewe umegawanyika. Kaskazini ni Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe na koo zilizojihesabu kuwa wenyeji wa tangu na tangu; kusini ni Langoni, walikotua wengi wa waliokuja baadaye kutoka Ngazija, Hadhramaut na visiwa jirani. Prins, aliyeandika juu ya mji huo mwaka 1971, alifuatilia nusu mbili za zamani zaidi, Zena na Suudi. El-Zein, mwaka 1974, alionyesha jinsi mgawanyiko ulivyogusa hata ibada: Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, aliimarisha Maulidi ya matari katika msikiti wa Riyadha, Langoni, huku baadhi ya wenye vyeo mjini wakimpinga. Leo Maulidi hayo hukusanya watu wa pwani nzima. Nayasisitiza haya kwa sababu bila kuijua mitaa hii miwili, wimbo wa mzaha wa Lamu utakuwa kwako maneno matamu yasiyochekesha.

Nguvu ya wimbo huo iko katika fumbo. Mtunzi hamtaji mtu. Anataja chombo kilichopanda mwamba, au ndege aliyevaa manyoya ya kuazima, na kila aliyepo anajua ni mlango wa nani unaobishwa. Waitikiaji wanakirudia kibwagizo hadi kikazoeleka midomoni mwa watoto. Wapinzani hawana ruhusa ya kukasirika, wakikasirika wamekiri. Wana ruhusa ya kujibu tu, na jibu linalosifiwa ni lile linalofuata bahari ileile na vina vilevile, likamrudishia mwenyewe chombo chake mwambani. Hesabu mizani kabla hujatafuta maana: ufundi wa dharau unaanza kwenye silabi.

Mtu mmoja anatufungulia mengi, naye ni Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchonga milango, mpiga kibangala na mwanangoma. Wasomi wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea kwa nakala za tenzi, na karatasi zake zimehifadhiwa London na Ujerumani. Mimi naamini tumemsoma kwa jicho moja, kama mtu wa kalamu tu. Abou Egl aliandika maisha yake mwaka 1983, na Miehe na Vierke wakachapisha matini zake mwaka 2010. Soma kazi hizo ukimtafuta mtu wa ngoma, kisha urudi kwa mtu wa kalamu.

Kwa wanawake tuna deni kubwa zaidi. Ngoma zao za lelemama na vugo, hii ya pili ikiwa ile ya pembe zinazogongwa kwa vijiti harusini, zilikuwa na ukali wake wa maneno. Margaret Strobel, mwaka 1979, aliieleza lelemama ya Mombasa, gharama zake na lawama za kidini zilizoipunguza nguvu. Lamu inahitaji kazi ya kina kama hiyo.

Siku hizi, wakati wa tamasha mjini Lamu, uwanja ulio mbele ya ngome hujaa. Ngoma za kirumbizi na goma hupendeza, na wageni hushangilia kila kundi kwa usawa. Wimbo wa mashindano haupati uhai kwa ushangiliaji huo. Anayetaka kuuonyesha upya itambidi kwanza awarudishie wasikilizaji upande wao, awaweke Mkomani mkabala na Langoni, na ampe kila mtunzi muda wa kujibu. Mkusanyaji naye asirekodi wimbo mmoja peke yake. Auulizie jibu lake, na amtafute aliyelitunga katika mtaa wa pili.