Kupanga Duka la Pembejeo: Kipi Kikae Karibu na Kipi

Katika maduka madogo ya pembejeo na dawa za mifugo, ambayo wakazi wa Ruring'u, Nyeri, na wa miji mingine ya Mlima Kenya huyaita agroveti, nafasi ya kazi mara nyingi ni chumba kimoja chenye kaunta mbele, rafu ukutani na magunia nyuma, na ndani yake hukutana bidhaa ambazo kwa asili hazipaswi kukutana: chakula cha ng'ombe wa maziwa, mbegu, mbolea, dawa ya kupe, na viuatilifu, yaani kemikali za kuua wadudu, kuvu au magugu. Duka la namna hii linaweza kupendeza macho na bado likawa la hatari. Mfano wa kawaida ni upangaji unaofuata zao, ambapo kiuagugu cha mahindi huwekwa ubavuni mwa mbegu ya mahindi kwa kuwa mkulima huvinunua vyote viwili. Muuzaji hupunguziwa hatua chache, ilhali mvuke wa baadhi ya viuagugu huweza kudhoofisha uotaji wa mbegu, na chupa ikivuja mfuko ulio chini yake huharibika.

Miongoni mwa mbinu za kupanga sehemu za kazi, iliyoenea sana ni ile ya S tano, ambayo ilikomaa katika viwanda vya Japani na ikaanza kutumiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, nchini Tanzania, mwaka 2007. Hatua zake kwa Kiswahili cha huko ni sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia: kisichohitajika huondolewa, kinachobaki hupewa mahali pake, mahali hapo husafishwa, utaratibu huwekwa wazi kwa wote, kisha hudumishwa. Mbinu ni nzuri, ila hatua ya pili hufundishwa kwa kanuni kwamba kinachotumika mara nyingi kikae karibu na mkono, na katika agroveti kanuni hiyo haina budi kuitii nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe, yaani utengano.

Utengano huanza na lebo. Vifungashio vya viuatilifu huwa na ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, kuanzia nyekundu, ambayo ni kali zaidi, kupitia njano na buluu hadi kijani, na rafu ikipangwa kwa rangi hizo zile kali hukaa nyuma ya kaunta, mbali na mikono ya watoto wanaoandamana na wazazi. Dawa za maji huwekwa rafu za chini na za unga juu yake, kwa sababu kimiminika kikivuja hushuka na kuloweka kilicho chini. Chakula cha mifugo na mbegu huhamia ukuta wa upande wa pili kabisa. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, hata kama ni ya kumpimia mteja kiasi kidogo tu, haina nafasi katika mpangilio wowote, kwa kuwa chupa hiyo imepoteza lebo na imepata sura ya kinywaji.

Mbolea ina masharti yake. Yurea na CAN hufyonza unyevu wa hewa na kugandamana, jambo linaloonekana haraka katika ukungu wa Nyeri wa mwezi Juni na Julai, hivyo magunia ya kilo 50 huinuliwa sakafuni kwa paleti za mbao na kutengwa kidogo na ukuta. CAN pia ina amonia naitreti, kemikali inayolisha moto kwa oksijeni yake. Tani 2,750 za kemikali hiyo ndizo zilizolipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020. Ile ya dukani imechanganywa na chokaa na hatari yake ni ndogo sana ikilinganishwa na hiyo, lakini haifai kuwekwa pamoja na petroli ya jenereta wala makaa. Katika majira hayohayo ya baridi jiko la makaa huingizwa dukani na mlango kurudishwa, na hapo huongezeka monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua kwa kuzuia damu kubeba oksijeni.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka taka ziondolewe kila siku sakafuni na kwenye vijia, na milango iweze kufunguliwa upesi kutoka ndani wakati watu wamo. Kwa hiyo gunia lililoegemezwa kwenye mlango wa nyuma ni kosa la kisheria, si uchafu tu.

Siku yenye hatari kubwa zaidi ni ileile ya kusasambua, maana ndipo vifuniko vilivyolegea hutikiswa na vumbi la miaka huinuka. Biashara husimamishwa, milango hufunguliwa, glavu na barakoa huvaliwa, na unga uliomwagika haufagiwi ukiwa mkavu bali hufunikwa kwa unga wa mbao wenye unyevu kwanza. Bidhaa zilizokwisha muda hutengwa, huandikwa na kurudishwa kwa msambazaji, au ushauri huombwa kutoka Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu. Kuzichoma nyuma ya duka hutoa moshi wa sumu, na kuzimwaga mtaroni ni kuzipeleka mtoni Chania. Risiti na vitabu vya hesabu visichanganywe na karatasi za kutupwa, kwa sababu sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inadai vihifadhiwe miaka 5.

Wakati ufaao kwa kazi hii ni Januari au mwanzo wa Februari, kwani kuanzia Machi, mvua za masika zinapokaribia, lori za mbolea hufika na sakafu haionekani tena.