Nyonga ya Bandia: Tutajuaje Kama Ni Salama?

Wazee wetu wenye maumivu makali ya nyonga hutuuliza: "Nikiwekewa nyonga ya bandia, itadumu? Je, iliyo mpya kabisa si ndiyo bora?" Ni swali zuri, kwani kifaa hiki kikishaingia mwilini hakitolewi ila kwa upasuaji mwingine, tena mgumu zaidi.

Nyonga ya bandia ina shina la chuma linaloingizwa katika mfupa wa paja, tufe juu yake, na kikombe ambamo tufe huzunguka kila tunapopiga hatua. Vitu hivyo vikisuguana hutoa vumbi laini. Vumbi likizidi, mfupa huliwa polepole na kifaa hulegea.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Daktari John Charnley wa Uingereza alitumia vikombe vya tefloni. Wagonjwa walitembea bila maumivu, wakafurahi. Baada ya miaka michache vikombe vililika, wakahitaji kupasuliwa tena. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki nyingine ngumu zaidi, nayo ikadumu vizuri.

Basi, kupona haraka si ushahidi wa kutosha. Kifaa hupimwa kwa miaka na kwa hesabu. Mwaka 1979 Sweden ilianzisha daftari la taifa la kuandika nyonga zinazowekwa na zinazorudiwa. Baadaye daftari kama hilo la Australia lilionyesha kwamba kifaa kiitwacho ASR, ambacho chuma husugua chuma, kilirudiwa mno. Mwaka 2010 kiliondolewa sokoni duniani kote. Tangu 2014, kipimo cha Uingereza ni kwamba katika wagonjwa 100, wanaorudiwa ndani ya miaka 10 wasizidi 5.

Kwa hiyo, kabla ya upasuaji muulize daktari:

1. Kifaa hiki kimetumika kwa miaka mingapi?
2. Katika wagonjwa 100, wangapi hurudiwa ndani ya miaka 10?

Baada ya upasuaji, omba kuandikiwa jina na namba ya kifaa, uzitunze pamoja na kadi yako ya hospitali. Kikigunduliwa kuwa na kasoro, namba hiyo ndiyo itakayotuwezesha kukutafuta. Ukipata maumivu mapya ya kinena au paja, uvimbe, homa, au kidonda kikitoa usaha, njoo mapema. Hata ukijisikia mzima, usiache kuhudhuria kliniki, kwa maana kifaa huweza kulegea kabla hujasikia maumivu yoyote.