Kodi Imekatwa, Lakini Hesabu Bado



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, wenzetu wa Kenya hupanga foleni katika ofisi za Mamlaka ya Mapato, KRA, na katika vibanda vya kompyuta vya mitaani. Wanakimbizana na tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia. Wengi wao ni watu wa mshahara. Ukiwauliza watakujibu kwa uchungu: "Kodi yangu hukatwa kabla sijaiona hata senti. Wanataka nini tena kwangu?"

Swali hilo ni la haki, nasi tunataka kulijibu. Kodi inayokatwa kila mwezi ni hesabu ya mwajiri. Ritani ni hesabu ya mfanyakazi mwenyewe. Mara nyingi hesabu hizi mbili hulingana. Zisipolingana, mfanyakazi ambaye hakufanya yake huenda akaacha jasho la miezi kadhaa mikononi mwa serikali bila kujua.

MWAJIRI ANAVYOHESABU

Tuchukue mfano wa fundi aliyekuwa akipata mshahara wa shilingi 50,000 za Kenya kwa mwezi katika mwaka 2025. Kabla ya kodi, hutolewa kwanza makato ambayo sheria inaruhusu yapunguze mapato ya kutozwa kodi. Tangu Februari 2025 alikatwa 3,000 za hazina ya uzeeni, NSSF. 1,375 za bima ya afya ya jamii, SHIF, ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Na 750 za tozo ya nyumba, ambayo ni asilimia 1.5. Jumla ni 5,125. Kwa hiyo mapato yaliyotozwa kodi ni 44,875.

Hapo zikaja ngazi za kodi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 2,083.25. Zinazobaki, 12,542, hutozwa asilimia 30, yaani 3,762.60. Jumla ya kodi ni 8,245.85. Kisha hutolewa nafuu ya kila mkaazi, shilingi 2,400 kwa mwezi. Kodi yenyewe ikawa 5,845.85, na fundi wetu akaenda nyumbani na 39,029.15.

Wenye mishahara mikubwa zaidi wana ngazi mbili za juu, asilimia 32.5 kwa kinachozidi 500,000 kwa mwezi, na asilimia 35 kwa kinachozidi 800,000. Hizo ziliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Wengi wetu hatutazifikia.

Jambo moja lishikeni sana. Mwajiri anapohesabu hivi, huuchukua kila mwezi kana kwamba ni sehemu moja kati ya kumi na mbili za mwaka mzima wa kazi. Lakini je, mwaka ukikatika katikati?

MWAKA ULIOKATIKA

Tuseme fundi huyo aliandikwa kazi mwanzo wa Februari 2025, akapunguzwa mwisho wa Julai, na hakupata mapato mengine mwaka ule. Amefanya kazi miezi sita. Kila mwezi amekatwa 5,845.85, na kwa miezi sita amelipa kodi ya 35,075.10.

Sasa tuhesabu kwa mwaka, kama ritani inavyohesabu. Mapato yake yaliyotozwa kodi ni 44,875 mara sita, yaani 269,250. Ngazi ya kwanza ya mwaka, ile ya asilimia 10, inafika hadi 288,000. Maana yake mapato yake yote yamo katika ngazi ya chini kabisa, na kodi yake ya mwaka ni 26,925. Nafuu ya mkaazi kwa mwaka ni 28,800, nayo inaimeza kodi hiyo yote. Kodi anayodaiwa na sheria ni sufuri.

Alilipa 35,075.10 na hakudaiwa hata senti. Fedha hiyo ni yake, na ni karibu sawa na mshahara wa mwezi mzima mkononi. Lakini haitamfuata nyumbani. Lazima aidai, na njia ya kuidai huanzia kwenye ritani.

Wangapi miongoni mwa wenzetu wamo katika hali hii? Wapo waliopunguzwa kazi, wa mikataba ya msimu, wenye likizo ndefu isiyo na malipo, na vijana walioandikwa kazi mara ya kwanza katikati ya mwaka. Hao ndio wenye haja kubwa ya kurudishiwa, na ndio aghalabu wasioidai, kwa kuwa aliyepoteza kazi hudhani habari za kodi zimemwisha pamoja na kazi.

RITANI YA SUFURI

Hapa pana mtego tunaouona kila Juni. Mtu asiye na kazi huingia kibandani, kijana wa kompyuta humwuliza, "Una kazi?" Hujibu hana. Kijana humjazia ritani ya sufuri, yaani ritani ya mtu asiye na mapato yoyote, humtoza hela kidogo, na kazi imekwisha kwa dakika tano.

Kwa fundi wetu, dakika tano hizo zina gharama ya shilingi 35,075. Tena ritani hiyo si ya kweli, kwani mwaka ule alikuwa na mapato, na mwajiri wake aliyataja kwa KRA kila mwezi. Ritani ya sufuri ni kwa mtu ambaye hakupata chochote mwaka mzima. Haimhusu aliyekatwa kodi hata mwezi mmoja.

Aliyekwisha kujaziwa hivyo asikate tamaa. Sheria ya taratibu za kodi inampa mlipa kodi nafasi ya kurekebisha ritani yake ndani ya miaka mitano, na maombi ya kurudishiwa kodi ya mapato nayo yana muda wa miaka mitano tangu kodi ilipolipwa. Lakini KRA wanaweza kuikata fedha hiyo kulipia deni jingine la kodi kama lipo.

MAKATO NA NAFUU SI KITU KIMOJA

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Makato yanayoruhusiwa hupunguza mapato kabla ya kodi kuhesabiwa. Nafuu hupunguza kodi yenyewe baada ya kuhesabiwa. Shilingi 1,000 za makato humwokolea mtu wa ngazi ya asilimia 30 shilingi 300 tu. Shilingi 1,000 za nafuu humwokolea 1,000 kamili.

Sheria ya mabadiliko ya kodi iliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 ilibadili mengi. SHIF na tozo ya nyumba ziliwekwa katika makato yanayoruhusiwa. Kiwango cha michango ya uzeeni kinachoruhusiwa, NSSF ikiwamo, kilipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Riba ya mkopo wa kununua au kutengeneza nyumba unayokaa mwenyewe, uliotoka katika taasisi ya fedha iliyotajwa na sheria, ilipanda kutoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Ni riba tu inayohesabiwa, si deni lenyewe, na ni kwa nyumba moja tu.

Katika nafuu, mbali na ile ya mkaazi, iko ya bima. Anayelipia bima ya maisha au ya afya, yake mwenyewe au ya mume, mke au watoto, hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Bima ya elimu nayo imo, ikiwa muda wake si chini ya miaka kumi. Anayelipa 3,000 kwa mwezi hupunguziwa kodi 450, ambayo kwa mwaka ni 5,400. Hiyo si fedha ya kudharauliwa.

Wenzetu wenye ulemavu wana haki kubwa zaidi. Mwenye cheti cha KRA cha msamaha hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Cheti hicho hupatikana baada ya kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kina muda wake, na kikiisha bila kuhuishwa, kodi huanza kukatwa tena.

Na tuseme ukweli hata pale usipotupendeza: akiba ya ushirika, marejesho ya mkopo wa kawaida, na hata ada ya chama chetu, hazimo katika makato ya fomu ya kodi. Mtu asidanganywe kwamba kila kinachokatwa kwenye mshahara hupunguza kodi.

Tangu tarehe 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha ya mwaka huo inamtaka mwajiri ahesabu makato, nafuu na misamaha yote inayomhusu mfanyakazi anapokata kodi ya mwezi. Ni ushindi mzuri. Lakini mwajiri hawezi kuhesabu asichokijua. Usipompelekea cheti cha bima au barua ya riba, atakata kama kawaida, na itabidi uidai haki yako kwenye ritani.

WAAJIRI WAWILI NA MWAJIRI MDANGANYIFU

Hesabu ya mwaka inaweza pia kumgeukia mfanyakazi. Aliye na kazi mbili kwa wakati mmoja anastahili nafuu ya mkaazi mara moja tu. Waajiri wote wawili wakimpa 2,400 kila mwezi, kwa miezi sita atakuwa amepewa 14,400 zisizo zake, na ritani itamdai. Mwambie mwajiri wa pili mapema.

Na yuko mwajiri anayekata kodi lakini haipeleki. Sheria inamtaka afikishe kodi hiyo kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kodi iliyokwisha kukatwa ni deni la mwajiri, na anaweza kudaiwa kama kodi yake mwenyewe. Mfanyakazi hugundua udanganyifu huo anapojaza ritani na kuona kwamba hesabu za fomu yake hazionekani katika mtambo wa KRA. Hapo hati za mshahara za kila mwezi ndizo shahidi wake. Usizitupe. Likiwapata watu kadhaa wa kiwanda kimoja, njooni chamani pamoja, maana dai la mmoja hupuuzwa upesi kuliko dai la wengi.

MAJIRANI ZETU

Zamani Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana sheria moja ya usimamizi wa kodi ya mapato, ile ya 1958. Kenya ilianza kutumia sheria yake yenyewe tarehe 1 Januari 1974, na njia zikaachana. Kwa sheria za mwaka 2025, mfanyakazi wa Tanzania ambaye mapato yake yote ni mshahara uliokatwa kodi halazimiki kupeleka ritani, na wa Uganda mwenye mwajiri mmoja kadhalika. Tena Uganda mchango wa mfanyakazi kwa NSSF haupunguzi mapato ya kodi, hali Kenya na Tanzania unapunguza. Kwa hiyo anayevuka mpaka kwenda kufanya kazi Kenya asifuate mazoea ya nyumbani. Huko, mshahara peke yake unatosha kumdai ritani.

YA KUFANYA

Mwanzoni mwa mwaka dai fomu P9 kwa kila mwajiri uliyemfanyia kazi mwaka uliopita, hata kama mmeachana kwa ubaya. Ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Kusanya vyeti vya bima na riba. Neno lako la siri la iTax liwe lako, si la kijana wa kibandani. Akikusaidia kujaza, kaa kando yake, soma kila tarakimu kabla ya kutuma, na utoke na karatasi ya stakabadhi. Usingoje tarehe 30 Juni, kwani anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Na kwa kuwa viwango hubadilishwa karibu kila mwaka, uliza vya mwaka unaoujazia, usitegemee vya mwaka jana.

Tunayaomba matawi yetu yatenge Jumamosi moja kabla ya Juni, wanaojua wakae na wasiojua, meza moja. Yaanze na majina ya waliopunguzwa kazi. Hao hawaji tena mkutanoni, na pengine wanadhani chama kimewasahau. Watafuteni majumbani. Huenda mkawapelekea habari ya fedha waliyokwisha kuitolea jasho.

Umoja ni nguvu.