Tope la Kihesa na Mguu wa Dereva

Sogeeni, wajukuu. Leo nawaeleza kwa nini lori linalobeba magogo Mufindi huweza kushindwa na kamlima kadogo ka hapa Kihesa.

Kwetu Iringa mvua huanza Novemba au Desemba, ikaachia Aprili. Udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukilowa juu tu huku chini ungali mkavu, barabara inakuwa kama sahani iliyopakwa sabuni. Ndiyo maana manyunyu huwasumbua madereva kuliko watu wanavyodhani.

Litazameni tairi. Zile kashata, yaani vinundu vya mpira, ndizo zinazong'ata ardhi. Mfinyanzi ukijaa katikati yake, tairi jipya linakuwa kipara. Dereva mwenye pupa akikanyaga mafuta, tairi linazunguka palepale na kuchimba, mpaka difu, lile bonge la chuma chini ya gari, inakalia tope. Hapo hata foo-bai-foo haifui dafu, maana matairi yote manne yanateleza.

Dereva mzoefu huchagua gia kabla ya kuingia kwenye tope, mara nyingi ya pili, akaenda mwendo mmoja bila kubadili njiani. Akiteremka, huiacha injini ilizuie gari. Breki ya ghafla hufunga matairi, na tairi lililofunga halisikii usukani: unakata kulia, gari linanyoosha mtaroni. Nyuma ikianza kuchepuka, huachia mafuta na kugeuza usukani taratibu kule kule nyuma inakokimbilia.

Mchanga nao una tabia zake. Kwenye Hifadhi ya Ruaha kuna mito ya mchanga, kama Mwagusi, ambayo kiangazi hukauka. Huko dereva hupunguza upepo ili tairi lilale na kukanyaga kwa upana. Akifika kwenye barabara ngumu hujaza tena, kwani tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto na kupasuka.

Na gari likinasa? Kuongeza moto ni kujichimbia shimo. Watu wazima huchukua sepetu, huondoa tope mbele ya matairi, hutandika mawe au mabanzi, ambayo huku hayakosekani. Halafu dereva huondoka polepole.

Najua mnavyopenda kukimbilia kusukuma. Banzi huweza kufyatuka chini ya tairi, na gari mlimani huweza kurudi nyuma. Waachieni watu wazima, nanyi simameni mbali, pembeni, upande wa juu, mpaka gari litoke.