Sunburst na Santuri Yao ya Pekee

Wenyeji wa Kahe, hapo reli ya Tanga ikutanapo na ile ya Voi, hawaoni taabu kuzitaja bendi za dansi za zamani, ilhali ni wachache mno waijuao Sunburst, kundi la vijana wa Dar es Salaam lililochanganya roki, soul na midundo ya asili, likauita mtindo huo Kitoto. Santuri yao ndefu ya pekee, Ave Africa, iliyorekodiwa Zambia, ilitoka mwaka 1976; humo gitaa, sauti yake ikikwaruzwa makusudi kwa mitambo, hujibizana na kinanda, na ladha yake, kwa rai yangu, haijachuja. Kundi likavunjika, santuri ikaadimika, hata kampuni ya Strut ya London ilipoirudisha sokoni mwaka 2016. Aipataye na aisikilize.